Tairi za 38, siku tano, Figeac hadi Cahors: je, inatosha?

Msomaji wetu wa Arusha anakwenda Toulouse kwa kozi mwishoni mwa Mei, na ameandika hivi:

"Shikamooni wataalamu. Baada ya kozi nina siku tano. Nataka kutoka Figeac hadi Cahors kwa baiskeli ya changarawe, nikifuata njia za mashambani na vijiji vya kale. Nyumbani naendesha Ngaramtoni, Monduli na njia za mashamba ya kahawa, na kilomita 80 kwa siku hazinishindi. Nina kilo 78. Baiskeli ina meno 40 mbele na 11–42 nyuma, tairi za milimita 38 zisizo na tyubu. Inatosha? Nipange kilomita ngapi kwa siku, na ni kitu gani huwaharibia watu safari kule?"

Marahaba, ndugu. Gia zako zinavumilika, tairi hazifai, na zile kilomita 80 ziache Monduli. Panga 40 hadi 45 kwa siku, na siku ya kwanza hata pungufu. Kinachoharibu safari za watu kule ni vitu viwili ambavyo ramani haivionyeshi vizuri: jiwe la chokaa na saa za kufunga maduka. Ukivijua hivyo viwili, mengine yote yanarekebishika njiani.

Tuanze na ardhi yenyewe. Figeac na Cahors ziko katika mkoa wa Lot, kusini magharibi mwa Ufaransa. Kati yake kuna uwanda wa mawe ya chokaa ambao wenyeji huuita causse, wenye kimo cha mita 300 hadi 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mito miwili, Lot na Célé, imeukata kwa mabonde yenye kuta za miamba. Vijiji vingi vya kale viko chini mtoni au vimening'inia ukingoni, na njia nzuri za changarawe ziko juu, kati ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, misitu ya mialoni mifupi na malisho ya kondoo weupe wenye duara jeusi kila jicho. Kwa hiyo kila ukitaka kijiji unashuka, na kila ukitaka changarawe unapanda tena: mita 150 hadi 250 kwa kilomita mbili au tatu, mteremko wa asilimia 8 hadi 10, na vipande vya asilimia 14. Fanya hivyo mara nne kwa siku na tayari una mita 800 za kupanda, ingawa mchoro wa njia unaonyesha mstari mpole kando ya mto. Faida uliyo nayo ni mapafu ya mtu anayeishi mita 1,400: hewa ya kule ni nzito kuliko uliyoizoea, na utaihisi kwenye miguu.

Sasa tairi. Barabara zako za vumbi zina matuta ya bati, vumbi laini na miiba. Causse haina miiba ya kukutisha. Ina jiwe. Sehemu nyingine ni mwamba uliochomoza ukiwa umesimama kiubavu kama ukingo wa ngazi, sehemu nyingine ni mawe ya ukubwa wa ngumi yasiyoshikana, yenye kingo kali kwa sababu hayajasombwa na mto wowote yakalainika. Tairi ya 38 iliyobeba wewe na mizigo ina njia mbili tu: uijaze upepo hadi bar 3 iwe ngumu, irushwe kutoka jiwe hadi jiwe na ikuchoshe mikono; au uipunguze hadi bar 2.2, ishike vizuri, halafu kwenye mteremko wa kwanza igonge mwamba, ibanwe kati ya jiwe na rimu, na ikatike mara mbili pande zote. Hiyo ya pili ndiyo hasara ya kawaida kabisa ya causse, na rimu ya alumini hubaki na bonde dogo ambalo tairi isiyo na tyubu haifungi tena sawasawa.

Weka 45, au pana zaidi kama fremu inaruhusu, lakini ibaki nafasi ya milimita 6 kila upande. Nafasi hiyo ni ya udongo. Kwenye mabonde madogo ya causse, pale mwamba ulipodidimia, kuna udongo mwekundu wa mfinyanzi ambao ukinyeshewa hushika tairi, hujaa kwenye fremu na kusimamisha gurudumu ndani ya mita mia moja. Chagua tairi yenye ubavu ulioimarishwa hata kama inaongeza gramu 80, na katikati iwe na vijino vifupi vilivyokaribiana, kwa kuwa karibu theluthi ya safari yako itakuwa lami. Kwa kilo 78 na mzigo wa kilo 8, anza na bar 2.0 mbele na 2.3 nyuma. Ukisikia rimu ikigonga zaidi ya mara moja kwa siku, ongeza 0.2 nyuma. Usiongeze mbele haraka, kwani tairi ya mbele ndiyo inayokushikia kona.

Maji ya kuziba pancha: mililita 80 kila tairi, mapya, yatiwe wiki ya kuondoka. Yale ya miezi mitatu iliyopita yameshaganda kwenye joto la Arusha. Jua pia mipaka yake. Tundu la mwiba huziba lenyewe. Mkato wa milimita 5 au 6 hauzibi, na hapo unahitaji vile vipande vyembamba vya mpira vya kuchomeka kwenye tundu. Beba sita. Mkato ubavuni unahitaji kiraka kigumu kwa ndani na tyubu. Beba tyubu mbili nyepesi za plastiki, na hapa sikiliza kwa makini kwa sababu wengi wanaotoka kwetu hunaswa: tairi ambayo umeiendesha bila tyubu kwenye migunga ya Monduli ina ncha za miiba zilizobaki ndani, ambazo hazikukusumbua kwa kuwa maji yaliziziba. Siku utakayoweka tyubu ndani ya tairi hiyo, itatoboka kabla hujamaliza kilomita. Dawa rahisi ni tairi mpya. Ukibaki na za zamani, zigeuze nje ndani nyumbani, pitisha kitambaa taratibu na ung'oe kila kinachokwaruza kwa koleo.

Pampu ya mkono iwe nzuri. Mitungi midogo ya gesi iache, kwenye ndege inahitaji ruhusa ya shirika na mara nyingi huishia uwanjani.

Kuhusu gia, hesabu yake ni hii. Meno 40 mbele na 42 nyuma ni 0.95, yaani gurudumu lenye mzunguko wa mita 2.2 linakusogeza mita 2.1 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7.5 kwa saa, na kwenye mteremko wa asilimia 10, wewe na baiskeli na mizigo mkiwa kilo 97, hiyo ni karibu wati 225. Ni kazi inayowezekana mara moja. Mara nne kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya mawe yasiyokuruhusu kusimama kwenye pedeli kwa sababu gurudumu la nyuma linateleza, itakuua magoti. Badilisha meno ya mbele yawe 36 au 38. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi na ni nafuu kuliko kubadilisha nyuma yote. Kwa 36 mbele kasi ileile ya miguu inakupa kilomita 6.8 kwa saa na kazi inashuka hadi takriban wati 205. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mnyororo ukatwe urefu upya baada ya kubadilisha, vinginevyo utalegea kwenye gia ndogo na kuruka kwenye matuta.

Breki za diski zina kazi kubwa kule kuliko kasi inavyoonyesha. Mita 200 za kushuka ndani ya kilomita mbili, na kona ya mwisho mara nyingi ni uchochoro wa kijiji wenye watu. Pedi zikiwa chini ya milimita 1, badilisha kabla ya safari, na beba jozi moja. Beba pia kishikio cha gia ya nyuma, kile kipande kidogo cha alumini kinachofungwa kwenye fremu, kilicho sawasawa na fremu yako. Sababu ni kichaka kiitwacho buis, kinachojaa pande zote za njia za Lot. Mdudu aliyeingia kutoka Asia alikula majani yake na kuua vichaka vingi katika miaka ya 2010, na matawi makavu bado yanaanguka njiani. Kijiti kama kidole kinaingia kwenye spoku, kinazunguka, kinavuta gia ya nyuma hadi ndani ya gurudumu. Ukisikia kitu kinakwaruza nyuma, acha kukanyaga pedeli papo hapo; mguu wako ndio unaovunja, kijiti chenyewe hakina nguvu hiyo.

Njia sasa. Ningeipanga kuanza Alhamisi, na sababu utaiona siku ya nne.

Alhamisi asubuhi chukua treni kutoka Toulouse Matabiau hadi Figeac, safari ya kama saa mbili na nusu. Figeac ni mji wa mawe wa karne za kati, na ndipo alipozaliwa Champollion mwaka 1790, yule aliyesoma maandishi ya Misri ya kale. Kuna uwanja mdogo nyuma ya makumbusho yake ambao sakafu yake ni nakala kubwa ya jiwe la Rosetta. Pita hapo kwanza, ni dakika kumi. Kisha panda kwenda Faycelles na Béduer ukifuata alama nyeupe na nyekundu za GR65, njia ya mahujaji wa Santiago de Compostela kutoka Le Puy. Béduer ukipita, njia inagawanyika: GR65 inaendelea Cajarc, wewe unashika GR651 kuelekea bonde la Célé. Lala Espagnac-Sainte-Eulalie, kijiji kidogo sana chenye nyumba ya watawa ya kale na mnara wa kengele wa mbao na matofali usiofanana na mwingine. Jumla ni kilomita 25 hivi. Usidharau, umeshuka kwenye treni mchana na mwili haujaujua bado huo mwamba.

Ijumaa ni siku ya Célé: Brengues, Saint-Sulpice iliyobanwa chini ya mwamba, Marcilhac-sur-Célé na abasia yake iliyobomolewa nusu wakati wa Vita vya Miaka Mia, Sauliac, hadi Cabrerets. Barabara ya lami D41 inafuata mto wote na ni kama kilomita 30. Hapa watu hufanya kosa la kuifuata GR651 yenyewe kila inchi. Hiyo iliwekewa alama kwa ajili ya miguu: kuna ngazi za mwamba, kuna vijia vya upana wa mabega. Fanya hivi badala yake: tumia lami bondeni, kisha mara mbili panda juu ya causse kwa barabara ndogo, uendeshe kilomita sita au nane za changarawe kati ya kuta, ushuke kijiji kinachofuata. Utafika 40 hadi 45.

Juu ya Cabrerets kuna pango la Pech Merle, lililogunduliwa na vijana mwaka 1922, lenye farasi wa madoa waliochorwa takriban miaka 29,000 iliyopita. Idadi ya wageni ina kikomo cha 700 kwa siku na unaingia na kiongozi, kwa hiyo kata tiketi kabla hujatoka Arusha, ya saa kumi jioni au karibu na hapo. Ndani kuna baridi ya nyuzi 12 au 13. Mtu aliyetoka kupanda mlima akiwa na jasho bila koti atatetemeka saa nzima. Miongoni mwa vyote vilivyo katika njia hii, kama ingebidi ubaki na kimoja, ningechukua hiki.

Jumamosi unashuka hadi Bouziès, ambapo Célé inaungana na Lot. Ng'ambo kuna njia ya kale ya kuvutia mashua, iliyochongwa ndani ya ukuta wa mwamba katika karne ya 19, dari ya jiwe ikiwa juu ya kichwa na mto ukiwa kando. Hapo shuka usukume: ni nyembamba, haina ukuta upande wa maji, na wikendi imejaa familia. Ukikuta kizuizi au tangazo la manispaa kuhusu mawe yanayoanguka, usikipite. Barabara D40 inakupeleka kulekule. Kule ni Saint-Cirq-Lapopie, iliyoketi karibu mita 100 juu ya mto, kijiji ambacho mshairi André Breton alikipenda hadi akanunua nyumba mwaka 1951. Kimo katika orodha ya vijiji vizuri kuliko vyote Ufaransa, chama kilichoanzishwa 1982 ambacho hukubali tu vijiji visivyozidi watu 2,000 na vyenye angalau majengo au maeneo mawili yaliyohifadhiwa kisheria. Fika kabla ya saa nne asubuhi. Baadaye mabasi yanashusha watalii na huwezi hata kusukuma baiskeli. Viatu vyenye chuma chini ni hatari kwenye mawe yale yaliyong'arishwa na nyayo, hasa yakilowa.

Kutoka hapo panda kusini uingie Causse de Limogne. Hii ndiyo changarawe bora ya safari nzima: tambarare kiasi, tulivu, na makaburi ya kale ya mawe makubwa kando ya njia. Lala Limogne-en-Quercy, kama kilomita 35 tangu Cabrerets.

Jumapili asubuhi Limogne ina soko, na ndiyo sababu ya kuanza Alhamisi: siku ambayo maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana, wewe umeamka mahali penye mkate, jibini na matunda mlangoni. Jaza mfuko. Kisha Varaire, Bach, na baada ya Bach unaingia Cami Ferrat, barabara ya Warumi iliyonyooka katikati ya mialoni kuelekea Cahors. Kipande cha GR65 kati ya Bach na Cahors kiko katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1998, pamoja na daraja la Valentré mjini Cahors kwenyewe, lenye minara mitatu, lililoanza kujengwa 1308. Siku hii ni kilomita 40 hivi, na unaimaliza kwa mteremko mkali wa mawe kuingia mjini. Shusha tandiko kidogo kabla yake kama huna mazoea.

Siku ya tano iache tupu. Ikinyesha Ijumaa utaihitaji, na isiponyesha Cahors haichoshi.

Kuna jambo la adabu kwenye GR65. Mwishoni mwa Mei ina mahujaji wengi wa miguu, baadhi wazee, wenye mabegi yanayowazuia kugeuka. Piga kengele mapema, punguza hadi mwendo wa kutembea, salimu. Sehemu iliyobana, wewe ndiye unayesimama. Mageti ya malisho yafunge kama ulivyoyakuta.

Kwenye ramani, tumia ya taifa ya IGN ya kipimo cha 1:25,000, inapatikana bure kwenye tovuti ya ramani ya serikali ya Ufaransa. Mstari mweusi mwembamba usiokatika ni njia ya gari la shamba, hiyo ni yako. Mstari wa vidoti virefu ni kijia cha miguu. Ukiona unakatiza mistari ya kimo iliyobanana, utabeba baiskeli begani. Programu za kupanga njia hupenda kukupitisha huko kwa sababu ni fupi zaidi. Pitia mchoro wako kipande kwa kipande kwenye IGN, jioni moja inatosha. Jambo jingine ni sheria: njia za vijijini za manispaa ziko wazi kwa wote, lakini tangu sheria ya Februari 2023 kuingia shamba au msitu wa mtu ulioandikwa wazi kuwa ni mali binafsi ni kosa lenye faini. Bango la "Propriété privée" likikaa njiani, rudi.

Maji ndiyo yanayowashangaza watu. Mvua inanyesha causse kama kwingine, ila inazama kwenye nyufa za chokaa na kutokea chini ya mabonde kama chemchemi. Cahors inakunywa maji ya chemchemi moja ya namna hiyo. Juu hakuna kijito hata kimoja. Beba lita 3 kila unapopanda: chupa mbili za 750 na mfuko wa lita 1.5. Mabomba yapo makaburini, karibu kila kijiji, na kando ya vyoo vya umma. "Eau potable" ni ya kunywa. "Eau non potable" usinywe. Mabwawa ya kufulia ya zamani ni mazuri kwa picha na kwa kunawa miguu, basi.

Duka la mkate hufunguliwa saa moja asubuhi, hufungwa saa sita na nusu au saa saba, hurudi saa tisa na nusu au saa kumi, na siku moja ya wiki halifunguliwi kabisa, mara nyingi Jumatatu. Mgahawa unapakua chakula cha mchana kuanzia saa sita hadi saa saba na nusu; ukifika saa nane utapewa kahawa tu na hakuna atakayekuhurumia. Mei ina sikukuu tele: tarehe 1, tarehe 8, Kupaa kwa Bwana na Jumatatu ya Pentekoste, mbili za mwisho zikihama kila mwaka. Zitazame kabla ya kukata tiketi, kwa sababu wikendi hizo vitanda huisha. Akiba ya mfukoni iwe chakula cha nusu siku daima. Jibini ndogo za Rocamadour, gramu 35 kila moja, mkate na aprikoti kavu hukaa vizuri hata mchana. Nyama ya huko ni bata kuliko kitu kingine. Kama huli nguruwe, mwambie mwenye nyumba unapoweka nafasi, maana supu na soseji za utangulizi mara nyingi huwa naye.

Na salamu. Ukiingia dukani bila kusema "Bonjour, madame" kabla ya kuuliza chochote, utahudumiwa kwa ubaridi. Mtu aliyelelewa na shikamoo hatapata shida hapo.

Kulala, tafuta gîte d'étape, nyumba za wasafiri wa miguu zenye vyumba vya pamoja. Kitanda, chakula cha jioni na chai ya asubuhi kwa kawaida ni euro 45 hadi 60. Piga simu, usitegemee ujumbe, na ueleze kuwa una baiskeli. Karibu wote wana banda la kuifungia. Espagnac na Limogne zina vitanda vichache, hivyo weka nafasi miezi miwili kabla. Chakula cha jioni ni saa moja na nusu na wote hukaa meza moja.

Sheria za barabarani hazina mengi, lakini askari huzifuatilia. Kengele ni lazima. Usiku taa mbele na nyuma, na nje ya mji fulana ya kung'aa gizani au ukungu ukitanda. Spika za masikioni ni marufuku, faini euro 135. Kwenye makutano yasiyo na alama, anayetoka kulia ana haki, hata akiwa na trekta kwenye kichochoro. Ajali ni 112. Bondeni Célé mtandao hukatika kwa kilomita nzima, kwa hiyo pakua ramani kwenye simu na mwache mwenye gîte ajue unaelekea wapi.

Kurudi, kutoka Cahors hadi Toulouse ni saa moja na nusu hivi kwa treni ya mkoa, TER, ambayo huchukua baiskeli kwa kadiri ya nafasi. Treni za Intercités zinazotoka Paris hupita reli hiyohiyo, lakini humo baiskeli inahitaji nafasi iliyokatwa mapema na kulipiwa. Chagua TER, epuka ile ya Jumapili jioni yenye wanafunzi, simama karibu na mlango wenye alama ya baiskeli, na uwe umeshavua mifuko kabla treni haijaingia: ngazi ni za juu na husimama dakika chache tu.